Barua ya wazi kwa wanaoongoza Bunge: Tupeni muda wa kusoma kabla hamjasema "ndiyo"

Kwa Mheshimiwa Spika, Mheshimiwa Waziri Mkuu, waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wanadhimu wa pande zote mbili na waheshimiwa wabunge, popote pale ambapo Serikali huzaliwa na Bunge.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu idadi ya siku zinazopita kati ya muswada kuchapishwa na Spika kuwahoji mseme "ndiyo" au "siyo". Najua mezani kwenu yapo mambo yanayoonekana mazito kuliko kuhesabu siku. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wananchi kuandaa maoni ya kupeleka kwenye kamati za Bunge, na karibu kila tunaposhindwa, tunashindwa mahali palepale: hatukupewa muda wa kusoma.

Niwasimulie siku moja tu. Sitalitaja Bunge lile wala kamati ile.

Tangazo la kuwaalika wadau lilitoka Ijumaa jioni. Kikao kilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Muswada ulikuwa na vifungu zaidi ya 60, na kimojawapo kilimruhusu afisa kuingia nyumbani kwa mtu na kupekua bila hati ya mahakama, mradi tu awe na "sababu za kuamini" kwamba kuna kosa. Tulikesha nao Jumamosi, tukakesha nao Jumapili. Jumatatu tulifika na nakala zetu, kurasa zimebandikwa vikaratasi vya rangi kila penye hoja. Mtu wa kwanza aliposimama kuzungumzia kifungu cha 14, mwenyekiti alimkatiza kwa upole. Alimweleza kwamba muswada umefanyiwa marekebisho, kwamba kifungu cha 14 sasa kinahusu jambo jingine kabisa, na kwamba kile anachokitafuta kimesogea hadi cha 17 na maneno yake yamebadilika. Nakala mpya walikuwa nayo wajumbe peke yao. Ilikuwa imetoka kwenye mashine dakika hizo hizo. Karani alikuwa bado anazigawa. Mjumbe aliyekaa karibu nami alipekua mbele, akarudi nyuma, akamwinamia jirani yake kumuuliza kifungu cha 17 kiko ukurasa gani. Jirani naye hakujua.

Kila msemaji alipewa dakika tatu.

Mbele yangu alikaa mama mmoja aliyekuja na daftari la shule. Alikuwa ameandika maswali yake kwa mkono, swali moja kila ukurasa ili asiyachanganye. Zamu yake ilipofika aliambiwa kwamba wanaoruhusiwa kuzungumza ni wale waliotuma maoni kwa maandishi kabla ya saa sita usiku wa Jumapili. Akauliza, "Basi hili nimpe nani?" Karani akamwambia arudi nalo tu. Alilifunga, akalitia kwenye mkoba, akabaki amekaa mpaka kikao kilipoahirishwa. Siku mbili baadaye muswada ulipita. Kwenye taarifa ya kamati iliandikwa kwamba wadau walishirikishwa kikamilifu.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike barua hii. Uamuzi wa wajumbe ningeweza kuukubali hata kama unaniumiza, kwa sababu wao ndio waliochaguliwa kuamua. Kinachonishinda kukubali ni taarifa rasmi ya Bunge kusema kwamba limetokea jambo ambalo halikutokea.

Waheshimiwa, mfumo wetu una tabia moja ambayo nadhani imezoeleka hadi haionekani. Katika mfumo wa kibunge, Waziri Mkuu yupo kwa sababu wengi wenu mnamuunga mkono. Mkimnyima imani, anaondoka. Uingereza iliwahi kushuhudia hilo tarehe 28 Machi 1979, Serikali ya James Callaghan ilipoangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja! Raia wa mfumo huu huwa tunajivunia jambo hilo, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kamba hiyohiyo inavuta upande wa pili pia. Maadamu wengi wapo, waziri aliyeandika muswada na wabunge watakaoupigia kura ni wa nyumba moja. Mnadhimu, yaani mbunge anayesimamia nidhamu ya kura za chama chake, anapita kati ya viti akihesabu vichwa. Hakuna rais mtendaji anayesubiri pembeni na kalamu ya kuukataa, maana mkuu wa nchi kwa kawaida hutia saini alicholetewa. Mahakama, pale ambapo katiba imeipa uwezo wa kutengua sheria, huja baada ya maji kumwagika.

Kwa hiyo mfumo huu una breki moja kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni muda. Muswada usomwe leo, uende kamatini, watu wausome, magazeti yauchambue, mbunge wa chama tawala apigiwe simu na watu wa jimboni kwake, arudi akiwa na mashaka. Angalieni hata Baraza la Mabwana la Uingereza, lile baraza la juu ambalo wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi. Tangu Sheria ya Bunge ya 1949, silaha kuu iliyobaki mikononi mwake dhidi ya muswada wa kawaida ambao wabunge wa kuchaguliwa wameukazania ni kuuchelewesha kwa takriban mwaka mmoja. Waliliondolea baraza hilo uwezo wa kuzuia, wakaliachia uwezo wa kuchelewesha, kwa sababu walijua kuchelewesha peke yake kuna thamani.

Na huko "kusomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu" tunakokutamka kama sala kulianza kama kusoma kwelikweli. Zamani, kabla nakala za kuchapwa hazijawa jambo la kawaida, karani alisimama akausoma muswada kwa sauti ili kila mjumbe ausikie, na ukasikika zaidi ya mara moja kabla haujawa amri juu ya watu. Leo nakala ni rahisi kuliko wakati wowote, ila kusoma ndiko kumekuwa adimu. Waziri anasimama, anatoa hoja ya kutengua kanuni, yaani kuziweka kando kwa siku hiyo, sauti za "naafiki" zinapigwa, na hatua zote zilizobuniwa kuchukua wiki kadhaa zinamalizwa kabla ya magharibi.

Mtaniambia dharura ni dharura. Naomba tuitazame dharura kwa karibu basi, maana historia yake imeandikwa.

Agosti 1911, Uingereza ilikuwa imeshikwa na hofu ya majasusi wa Ujerumani. Serikali ilipeleka muswada wa siri za dola, na wabunge wakaumaliza katika hatua zake zote kwa mchana mmoja, mjadala wote ukichukua chini ya saa moja. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 2, ambacho hakikuhusu majasusi. Kilimfanya mtumishi yeyote wa umma kuwa mhalifu akitoa taarifa ya kazini bila idhini, hata iwe taarifa isiyo na madhara kwa mtu yeyote. Kifungu hicho kilidumu mpaka sheria mpya ya mwaka 1989. Hesabuni wenyewe: chini ya saa moja ya kukitunga, miaka 78 ya kuishi nacho. Makarani, askari na wauguzi walioajiriwa na kustaafu chini yake hawakuwahi kumwona jasusi hata mmoja.

Februari 1968 ni kidonda kinachotuhusu hata sisi tunaosoma Kiswahili. Wakazi wa Kenya wenye asili ya Asia, waliokuwa na pasipoti za Uingereza, walikuwa wanaondoka kwa wingi baada ya masharti ya ajira na ukaazi kubadilika. Pasipoti zile zilikuwa ahadi: ukizidiwa, mlango uko wazi. Bunge la Uingereza likaufunga mlango huo ndani ya siku tatu. Mwenye pasipoti aliyekosa mzazi au babu wa kumfungamanisha na ardhi ya Uingereza aliwekwa kwenye foleni ya vocha, na vocha zilizotengwa awali zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Familia zilikuwa zimekwisha uza vyombo vya nyumbani. Mwaka 1973 Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kuwabagua watu hao kwa rangi kulikuwa ni kuwadhalilisha. Kati ya siku tatu za kutunga na siku Kamisheni iliposema hivyo ilipita miaka mitano na ushei. Mtoto aliyekuwa mgongoni wakati muswada unapitishwa alikuwa amekwisha anza shule.

Halafu kuna India, mwaka 1975, mfano unaonikosesha usingizi kuliko yote. Tarehe 12 Juni, Mahakama Kuu ya Allahabad ilitengua ushindi wa ubunge wa Waziri Mkuu Indira Gandhi. Tarehe 25 Juni ikatangazwa hali ya hatari. Rufaa yake ilipangiwa kusikilizwa na Mahakama ya Juu tarehe 11 Agosti. Fuatilieni tarehe zinazofuata: tarehe 7 Agosti, Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, ilipitisha marekebisho ya 39 ya katiba, yaliyosema uchaguzi wa Waziri Mkuu na Spika hauwezi kuhojiwa mahakamani. Tarehe 8, Rajya Sabha, baraza la juu, ikapitisha. Tarehe 9, mabunge ya majimbo yakaridhia. Tarehe 10, Rais akasaini. Majaji walipokaa tarehe 11, katiba iliyokuwa mbele yao haikuwa ile ya juma lililotangulia.

Na kila hatua ilifuatwa! Theluthi mbili zilipatikana, majimbo yaliridhia, saini ipo. Ukiuliza kama utaratibu ulizingatiwa, jibu ni ndiyo. Kilichokosekana ni muda wa mtu yeyote kusimama na kuuliza. Wengi wa viongozi wa upinzani ambao wangeuliza walikuwa kizuizini.

Mahakama ya Juu ilikitupa kifungu hicho kinachomlinda Waziri Mkuu tarehe 7 Novemba 1975, ingawa ushindi wake wenyewe iliuthibitisha kwa misingi mingine. Iliweza kukitupa kwa sababu miaka miwili kabla, katika kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 13 walikuwa wamesikiliza hoja kwa siku 68, na kwa kura 7 dhidi ya 6 wakaamua kwamba Bunge linaweza kuirekebisha katiba lakini haliwezi kuuvunja msingi wake. Upande mmoja, siku 68 za kusikiliza; upande mwingine, siku nne za kurekebisha. Nimewahi kuwaandikia vijana ninaowafundisha namba hizo mbili ubaoni bila kuongeza neno, na mjadala ulianza wenyewe.

Sisemi kwamba hakuna jambo la kweli linalodai haraka. Lipo. Machi 2020, muswada wa kukabili korona uliingia Bunge la Uingereza tarehe 19 na kuwa sheria tarehe 25. Ulikuwa na madaraka ya kutisha, na siku hizo chache hazikutosha kuusoma. Lakini waliouandika waliweka mambo mawili: kila miezi sita wabunge waulizwe kama madaraka yale yaendelee, na baada ya miaka miwili sheria yenyewe ife isipoongezewa muda. Yaani walikiri ndani ya sheria hiyo kwamba walikuwa na haraka, na deni la kufikiri likabaki limeandikwa.

Hata hivyo, tarehe ya kufa peke yake inaweza kugeuka kiini macho. Novemba 1974, baada ya mabomu ya Birmingham kuua watu 21, Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kuzuia ugaidi ndani ya juma moja, na jina lake rasmi likabeba maneno "masharti ya muda". Hayo masharti ya muda yalihuishwa, yakatungwa upya, yakahuishwa tena, mpaka sheria nyingine ya mwaka 2000 ilipoyaingiza kwenye sheria za kudumu. Kilichoitwa cha muda kiliishi robo karne. Kwa hiyo ninapowaomba tarehe ya mwisho naomba na kitu cha pili: siku hiyo ikifika, sheria isihuishwe kwa hoja ya dakika kumi usiku wa manane. Irudi kama muswada mpya, iende kamatini, ipite njia ndefu ambayo mwanzoni ilirukwa.

Mahakama mbili zimewahi kulisema jambo hili waziwazi, na ningependa kila mwenyekiti wa kamati azikumbuke.

Ya kwanza ni Ujerumani. Julai 2023, Bunge la huko lilikuwa limepanga kuimaliza sheria ya mifumo ya kupasha joto majumbani siku ya Ijumaa tarehe 7, kabla ya mapumziko. Muswada ulikuwa umebadilishwa sana, kwa haraka, siku za mwisho. Mbunge mmoja wa upinzani, Thomas Heilmann, akaenda Mahakama ya Katiba akalalamika kwamba amenyimwa muda wa kuusoma na kuujadili, kwa hiyo amenyimwa ubunge wake. Jumatano tarehe 5, kwa kura 5 dhidi ya 2, majaji walisimamisha kura hiyo. Muswada ulirudi Septemba na kupitishwa tarehe 8 bila kubadilishwa.

Najua kuna atakayesema, "Unaona? Walichelewesha bure." Nimelifikiria sana pingamizi hilo, kwa sababu lina uzito. Jibu langu ni kwamba sikuomba muda ili Serikali ishindwe. Wakati wa majira yale ya joto watu wenye nyumba na wapangaji waliusoma muswada uleule utakaowagharimu, wabunge wakaulizwa majimboni, na siku ya Septemba kila aliyesema ndiyo alikuwa anajua anakubali nini. Aliyeshindwa alishindwa na hoja aliyoisoma. Mimi nikishindwa hivyo naenda nyumbani nikalale.

Ya pili ni Afrika Kusini, tarehe 17 Agosti 2006. Katiba yao inalitaka Bunge lirahisishe ushiriki wa umma katika kutunga sheria. Baraza la Kitaifa la Majimbo, moja ya mabaraza mawili ya Bunge hilo, lilikuwa na miswada ya afya mbele yake. Watu waliomba kusikilizwa, majimbo yakaahidi vikao, na majimbo mengi yakashindwa kuvifanya kwa sababu ratiba ilibana. Miswada ikapita. Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba sheria mbili kati ya hizo ni batili, ikalipa Bunge miezi 18 kurudia kazi kwa utaratibu unaostahili. Jaji Sandile Ngcobo, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alieleza kwamba ratiba ndiyo inayopaswa kuzitii haki zilizomo katika katiba, wala haki haziwezi kuwekwa chini ya ratiba.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kila ninapopokea tangazo la Ijumaa jioni, naikumbuka.

Sasa naomba niseme ninachotaka, ili asiwepo wa kusema kwamba raia hulalamika bila kupendekeza. Uamuzi wa idadi ya siku usibaki kuwa hisani ya Spika wala kanuni inayotenguliwa kwa kelele za "naafiki". Uandikwe mahali ambapo wengi wa kawaida hawawezi kuugusa. Nchi nyingine zimefanya hivyo kwa mambo makubwa na hazijaanguka. Uswidi, ambayo ilikuwa na sheria ya uhuru wa uchapishaji tangu 1766, haibadilishi sheria zake za msingi mpaka Bunge liamue mara mbili kwa maneno yaleyale, na katikati ya maamuzi hayo ufanyike uchaguzi mkuu. Mpiga kura anapata nafasi ya kuwaondoa waliosema ndiyo ya kwanza kabla hawajasema ya pili. Finland inaruhusu marekebisho ya katiba kuharakishwa, lakini mpaka sehemu tano kati ya sita ya kura zikubali kwamba jambo ni la dharura. Hapo neno dharura lina bei. Na kwa miswada ya kawaida, New Zealand ina desturi ya kuipa kamati takriban miezi sita kuchambua na kusikiliza watu. Huko pia Serikali huruka desturi hiyo pale inapotaka, na wananchi huko hunung'unika kama sisi, lakini angalau kuna kipimo kinachojulikana cha kurukwa.

Sidai miezi sita kwa kila muswada. Ningeridhika na siku 30 kati ya kuchapishwa na kujadiliwa, kwa muswada wowote unaogusa haki za mtu: mwili wake, nyumba yake, kauli yake, kura yake, mali yake. Serikali ikitaka kupunguza siku hizo, waziri aandike sababu, atie saini, sababu hizo zichapishwe pamoja na muswada, na kura ya kukubali ipigwe kwa majina, si kwa sauti. Nataka nijue mbunge wangu alikubali kusoma kwa siku mbili kitu nitakachoishi nacho miaka 78.

Jedwali la marekebisho nalo. Hapa ndipo mambo yanapofichwa, waheshimiwa, na mnajua. Muswada wa mwezi uliopita unaweza kuwa safi, na jedwali lililowekwa mezani asubuhi ya kura likaingiza kifungu ambacho hakuna mdau aliyewahi kukiona. Marekebisho yanayoanzisha jambo jipya yarudishe muswada kamatini, hata kama ni kwa siku chache. Nakala ya umma na nakala ya wajumbe ziwe moja, zenye tarehe na namba ya toleo juu yake, ili mwananchi anaposema kifungu cha 14 na mwenyekiti awe ameshika kifungu cha 14 kilekile.

Kuna pia hizi sheria ndogo ambazo mawaziri hujiandikia baada ya ninyi kuwapa madaraka kwa mstari mmoja: "Waziri anaweza kutengeneza kanuni kwa ajili ya utekelezaji bora wa sheria hii." Hilo linastahili barua yake.

Na kamati ijibu. Hili haligharimu chochote ila uungwana. Mtu akileta hoja, taarifa ya kamati iseme: hoja hii ililetwa, tumeikubali au tumeikataa, na sababu ni hii. Mstari mmoja unatosha. Miaka yote hii nimepeleka maoni kadhaa na sijawahi kuona hata sehemu moja palipoandikwa kwa nini hoja yetu ilikataliwa. Tungejua tulikosea wapi, tungejifunza kuandika vizuri zaidi, na pengine mara nyingine tungekuja kuwaunga mkono.

Waheshimiwa wabunge wa chama tawala, ninyi nina neno nanyi peke yenu. Naelewa shinikizo la mnadhimu. Naelewa kwamba mtu anaweza kupoteza nafasi yake kwenye orodha ya chama kwa kunyanyua mkono usiotakiwa. Siwaombi mwiangushe Serikali yenu. Ombi langu kwenu ni dogo, na chama hakiwezi kuliita uasi: mkiletewa hoja ya kutengua kanuni, simameni muulize muswada umechapishwa lini. Ulizeni tu tarehe, ili iingie kwenye taarifa rasmi za Bunge. Viti mlivyokalia leo havina hati miliki. Siku mtakapohamia upande wa pili, mtaukuta mlango wa dharura ukiwa wazi kwa kiasi kilekile mlichouacha.

Nirudi kwa yule mama. Tulipotoka nje nilimwomba anioneshe daftari lake, naye akakubali ninakili swali la kwanza. Nalileta kwenu kama lilivyo, kwa sababu lilihusu kifungu kilichokuwa cha 14 kikawa cha 17, na kwa sababu kifungu hicho sasa ni sheria na swali lenyewe halijaingia kwenye kumbukumbu yoyote ya Bunge:

"Afisa akivunja mlango wangu usiku kwa sababu aliamini, akapekua asikute kitu, nani atanilipa mlango, na asubuhi niende kumshtaki kwa nani?"

Naomba mwenyekiti wa kamati husika, au waziri aliyeuleta muswada ule, alisome swali hili ndani ya Bunge na kulijibu. Daftari bado analo, na maswali mengine saba yamo ndani yake.

Wenu,
Raia na mpiga kura